Puani hadi shingoni

"Daktari, kweli mtapita puani mfike shingoni?" Hakuna swali sisi wapasuaji tunaloulizwa zaidi ya hilo. Ndiyo, tunafika. Tundu la pua haliendi juu kama wengi wanavyodhani, linakwenda nyuma hadi koo la juu, na nyuma ya ukuta wa koo hilo ndipo fuvu linapokalia shingo.

Hapo pingili ya pili ya shingo ina kigingi kilichosimama ndani ya pete ya pingili ya kwanza. Sisi hukiita jino. Karibu nusu ya kugeuka kwa shingo hutokea kwenye pingili hizo mbili. Jino likipanda kuelekea ndani ya fuvu, au baridi yabisi ikilizungushia uvimbe, hubana shina la ubongo na ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa neva unaoshuka ndani ya uti wa mgongo. Mgonjwa mwenyewe halijui jino hilo. Anachojua ni kwamba vifungo vya shati vinamshinda, anayumba akitembea, maji yanampalia na kisogo kinauma.

Njia ya zamani ya kuliondoa jino hilo ni mdomoni. Kaakaa laini mara nyingi hupasuliwa, na wapo wanaotobolewa koo ili wapumue na kulishwa kwa mrija. Mwaka 2005 Amin Kassam na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, waliandika kuhusu kuliondoa jino kupitia puani. Endoskopi, yaani mrija wenye kamera, ya unene wa milimita 4 huingia pamoja na vyombo vyembamba, na mfupa husagwa taratibu kwa drili. Kaakaa halikatwi, hivyo wengi huanza kumeza mapema.

Lakini si jino la kila mtu linalofikika kwa pua. Likiwa chini mno, pua haifai. Wengine shingo ikivutwa kwa uzito, jino hushuka lenyewe, na hao hatuwagusi puani kabisa.

Tundu dogo, tafadhali, si operesheni ndogo. Maji ya ubongo yanaweza kuvuja puani na kuleta homa ya uti wa mgongo. Tena jino likitoka, kano zake hutoka nalo, kwa hiyo mara nyingi tunaikaza shingo kwa vyuma kutokea kisogoni. Kovu litakuwepo, huko nyuma, na kumtazama aliye nyuma yako utageuka na mabega.

Ukija, leta picha zenyewe za MRI na CT, si ripoti peke yake. Kama ulipigwa eksirei ukiwa umeinama na ukiwa umeinua kichwa, hizo ndizo tutakazozitazama kwanza.