Swali lako la ile karatasi ya maabara

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba zamu za usiku zimepungua. Mimi sijambo. Nina habari ambayo sikutaka kuisema kwa simu, maana tungeishia kushangilia tu na yale niliyokusudia kukuambia yangebaki moyoni. Nimepata nafasi ya uzamivu, na ufadhili umetimia. Ada imelipwa, posho ya kujikimu ipo kwa miaka minne, na kuna fungu la kompyuta na la safari za kikazi. Mada ni modeli za kihisabati za usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki.

Wewe ndiye uliyenisukuma huku, hata kama hujui. Unakumbuka jioni ile uliyonipigia baada ya mgonjwa wako kufariki? Maambukizi yalianzia njia ya mkojo, yakaingia kwenye damu. Ulinisomea karatasi ya maabara dawa moja moja, na mbele ya karibu kila dawa palikuwa na herufi R, yaani bakteria ni sugu kwa dawa hiyo. Kisha ukauliza, "Tukiziacha hizi kwa muda, si zitarudi kufanya kazi?" Nikakujibu ndiyo, bila kusita. Jibu lile lilikuwa la haraka mno, na limenisumbua tangu siku hiyo. Nakuandikia ili nilirekebishe.

Hoja niliyoitegemea ni kwamba usugu una gharama. Bakteria sugu hubeba mzigo ambao mwenzake hana. Pengine ni pampu ya kuitoa dawa nje ya seli, pengine ni kimeng'enya cha kuivunja, pengine ni protini iliyogeuka umbo na sasa inafanya kazi yake kwa kuchechemea. Dawa ikiwepo, mzigo huo unamwokoa. Dawa ikiondoka, unabaki kumlemea, na asiye nao anazaliana upesi kumzidi. Hesabu yake unaweza kuifanya hata kwa kikokotozi cha simu. Tuseme wameanza nusu kwa nusu, na sugu anaachwa nyuma kwa asilimia 5 kila kizazi. Baada ya vizazi 90 hivi, kila sugu mmoja amezungukwa na wasio sugu 100. Bakteria kama E. coli akiwa kwenye lishe nzuri ya maabara hugawanyika kila dakika 20, kwa hiyo vizazi 90 ni saa 30 tu. Mwilini mambo huenda taratibu zaidi, lakini unaona kwa nini nilikuwa na uhakika.

Sasa punguza gharama hiyo iwe asilimia 1. Vizazi vinakuwa karibu 460. Ipunguze tena iwe sehemu moja ya elfu, unafika vizazi 4,600. Na ikiwa sifuri, utasubiri bila mwisho. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba gharama hii haikai mahali pamoja. Bakteria sugu akiendelea kuishi, hupata mabadiliko mengine ya jeni yanayofidia kasoro ya mwanzo. Usugu anabaki nao, mzigo unapungua. Kwa hiyo namba ambayo jibu langu lote liliiegemea ndiyo hiyo hiyo ambayo bakteria wanaishusha kadiri tunavyochelewa.

Haya si mambo ya karatasini tu. Ufini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, usugu dhidi ya antibiotiki iitwayo erithromaisini ulikuwa umepanda kwa streptokokasi wa kundi A, wale wa vidonda vya koo. Madaktari wakaombwa wapunguze dawa za jamii hiyo kwa wagonjwa wasiolazwa, na wakapunguza kweli. Usugu ulishuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996. Ningekuwa nimesoma habari hii peke yake, ningekurudia jibu langu la "ndiyo" kwa sauti kubwa zaidi. Lakini Uingereza, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, matumizi ya sulfonamidi, jamii nyingine ya dawa za kuua bakteria, yalishuka kwa zaidi ya asilimia 97. Watafiti waliopima E. coli wa wagonjwa katika hospitali moja ya London walikuta usugu wa asilimia 39.7 mwaka 1991, na asilimia 46 mwaka 1999. Dawa ilikuwa karibu imeachwa kabisa, na usugu haukushuka hata kidogo.

Sababu mojawapo ni plasmidi. Hivi ni vipande vya DNA vya duara ambavyo bakteria hupeana, hata bakteria wa spishi tofauti. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja, zimefuatana kama mabehewa. Ukiiacha sulfonamidi lakini ukaendelea kuandikia dawa nyingine ambayo jeni yake iko kwenye plasmidi ile ile, unalivuta treni zima. Nadhani hapa ndipo karatasi yako ya R nyingi inapoeleweka. Yale matokeo yalionekana kama bahati mbaya nyingi tofauti zilizomkuta mtu mmoja, ilhali huenda zote zilisafiri pamoja katika plasmidi moja.

Kwa hiyo jibu langu sahihi ni kwamba inategemea bakteria ni yupi, jeni imekaa wapi, imeshakaa muda gani, na tunaendelea kutumia nini kingine. Najua kwa mtu aliyesimama kando ya kitanda hilo ni jibu chungu. Kazi yangu kwa miaka minne ni kujaribu kuligeuza liwe namba.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye modeli rahisi kabisa. Unagawa watu makundi matatu, yaani wasio na bakteria huyo, waliombeba asiye sugu, na waliombeba sugu. Halafu unaandika mlinganyo wa jinsi watu wanavyohama kutoka kundi moja kwenda jingine. Ni mtindo tuliorithi kutoka kwa watafiti Kermack na McKendrick, waliouandika mwaka 1927 kueleza magonjwa ya mlipuko. Ukiutumia kwa usugu, unatoa matokeo ya kushangaza: matumizi ya dawa yakivuka kiwango fulani, sugu anatawala kila mahali, yakiwa chini ya kiwango hicho, sugu anatoweka. Hakuna katikati. Lakini takwimu za nyumokokasi, bakteria wa nimonia, huko Ulaya zinaonyesha sugu na asiye sugu wakiishi pamoja kwa miongo, na nchi zinazotumia antibiotiki zaidi kwa kawaida huwa na usugu zaidi, kwa mwinuko wa polepole. Mlinganyo unachora ukuta, dunia inachora kilima. Kuna maelezo kadhaa. Mtu mmoja anaweza kuwabeba wote wawili kwa wakati mmoja, na aina zinazokaa kooni muda mrefu hunufaika zaidi na usugu kwa sababu hukutana na dawa mara nyingi. Binafsi sidhani kama maelezo mamoja yatatosha.

Kwenye maombi ya ufadhili niliandika kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Hata namba hiyo imetoka kwenye modeli, kwa kuwa sehemu nyingi za dunia hazina maabara za kutosha kuhesabu. Nilipoiandika, nilimfikiria mgonjwa wako. Kama ile sampuli isingepelekwa maabara, kifo chake kingeandikwa maambukizi ya damu, basi.

Uliwahi pia kuniambia kwamba wodi yenu ilifikiria kutumia dawa kwa zamu, miezi hii dawa moja, miezi ile nyingine. Tangu mwaka 1997 modeli zilisema ni bora kuchanganya, wagonjwa tofauti wapewe dawa tofauti wakati mmoja, ili bakteria anayehama kitanda akutane na dawa asiyoizoea. Hoja hiyo naipenda sana. Lakini jaribio lililofanywa katika wodi za wagonjwa mahututi (ICU) za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2018 halikuona tofauti kati ya njia hizi mbili. Ndiyo maana siiamini tena modeli ambayo aliyeiandika hajawahi kuuliza wodini mambo yanaendaje.

Basi nakuuliza wewe. Mgonjwa akiletwa na homa kali, dawa ya kwanza hutangulia majibu ya maabara kwa muda wa saa ngapi? Majibu yakirudi, ni mara ngapi dawa hubadilishwa kweli, na ni mara ngapi huachwa iendelee kwa sababu mgonjwa anaonekana ana nafuu? Wagonjwa wawili waliofuatana kwenye kitanda kimoja hupishana kwa muda gani? Usinipe majina wala mafaili, nipe tu unayoyaona kwa macho yako. Vitabu vinanipa vigezo hivi kama wastani, na wastani unanificha mambo ninayohitaji kuyajua.

Naanza mwezi wa tisa. Msimamizi wangu ameniambia nisiguse kompyuta wiki mbili za kwanza, nisome tu. Barua yako ikifika kabla ya hapo, nitaanza na hiyo.

Ni mimi swahiba wako