Mayai 100 yanayoamua faida

Ndugu Mhariri,

Hesabu za kuku wa mayai zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zina kosa moja linalojirudia. Kuku 500 huhesabiwa kuwa mayai 500 kila siku, kisha mayai hayo yanazidishwa kwa bei ya dukani. Anayeanza kwa hesabu hiyo haichukui muda anatafuta mteja wa pikipiki yake ili apate pesa ya chakula.

Tuhesabu upya. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, tuchukue 115. Kuku 500 wanamaliza kilo 57.5, yaani zaidi ya mfuko wa kilo 50. Tuseme mfuko ni shilingi 60,000: chakula cha siku ni 69,000. Chakula huchukua karibu asilimia 70 ya gharama. Ukiongeza mlinzi, umeme, chanjo, maranda, wanaokufa, na deni la kuwalea takriban miezi mitano kabla ya yai la kwanza (kila mmoja ameshakula kilo 7 hivi bila kurudisha hata senti), siku inagharimu kama 98,600.

Trei ikiuzwa 7,500 bandani na kuku wakitaga kwa asilimia 90, unapata mayai 450, yaani trei 15, sawa na 112,500. Kinachobaki ni 13,900. Wakishuka hadi asilimia 70, yaani mayai 350, trei hazifiki 12 na unapoteza kama 11,000 kila siku, na chakula wamekula kilekile. Kwa bei hizo, chini ya mayai 395 kwa siku ni hasara. Msomaji aweke bei za kwake, lakini biashara yote imo kwenye yale mayai 100 kati ya 450 na 350.

Yanapotelea wapi? Mengi hupotea kabla kuku hajaanza kutaga. Mtetea wa aina ya kahawia akifika wiki ya 18 anapaswa kuwa na kilo 1.5 hivi. Aliyebaniwa chakula cha kukuzia huanza na mayai madogo na hafiki kilele cha utagaji, hata ukimlisha vizuri baadaye. Wapimeni kwa mizani kila wiki, angalau kuku 20 kati ya 500, macho hudanganya. Wengine huwasha taa usiku tangu kuku wakiwa wadogo ili watage mapema. Matokeo yake ni kuku kutokwa na kizazi na wenzao kuwadonoa hadi kufa. Taa iongezwe kidogo kidogo kuanzia wiki ya 18 mpaka jumla ya mwanga ifike saa 16. Jua letu hutoa kama saa 12, kwa hiyo balbu iwake saa 10 alfajiri hadi kuche, kisha jioni hadi saa 2 usiku, na ratiba isibadilike. Umeme ukikatika wiki nzima, mayai yatakwambia.

Maji ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, hivyo 500 wanahitaji lita 110 hadi 120 kwa siku, na kwenye joto la Dar es Salaam huzidi hapo sana. Tangi lililo juani mchana hutoa maji ya moto ambayo kuku hawayagusi. Asiyekunywa hali, na asiyekula hatagi.

Kwa wanaochanganya wenyewe, chakula cha kutagia kiwe na protini asilimia 16 hadi 17 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Kalsiamu hiyo inadai chokaa ya mifugo kilo 8 hadi 9 katika kila kilo 100, na sehemu yake iwe chengachenga za ukubwa wa punje ya mchele. Ganda la yai hutengenezwa usiku, na unga laini huwa umeshapita tumboni. Dagaa wa kusaga watieni kwenye glasi ya maji kabla ya kulipa: mchanga utazama chini mkauone. Dagaa wakiwa wa chumvi, punguzeni chumvi kwenye mchanganyiko, la sivyo kuku watakunywa mno na maranda ya bandani hayatakauka. Kuongeza pumba ili mfuko uwe rahisi ni kujidanganya, maana kuku anashiba nyuzinyuzi. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huharibu ini na kudhoofisha kinga, kisha chanjo inalaumiwa bure.

Chanjo nayo huharibiwa na mikono yetu. Ile ya ugonjwa wa mdondo (kideri) inayowekwa kwenye maji hufa ikikutana na maji ya bomba yenye klorini. Tumieni maji ya kisima, au tieni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Kuku wazuiwe maji saa moja au mbili, kisha waimalize ndani ya saa mbili. Chanjo nyingine ya mdondo iitwayo I-2, ya tone moja jichoni, huvumilia joto zaidi, lakini inataka kurudiwa kila miezi 3, na wengi husahau ile ya pili.

Mwisho ni kuwatoa wasiotaga. Usiku, kuku wakiwa wametulia, pimeni nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga. Anayetaga hupitisha vidole viwili au vitatu, na undu wake ni mwekundu na laini. Wavivu 40 wakiondoka, kilo 4.6 za chakula zinabaki stoo kila siku, na wao wanauzwa kwa nyama.

Ombi langu, Mhariri: ukurasa wako wa bei za mazao unapochapisha bei ya trei, weka kando yake bei ya kilo ya chakula cha kutagia, mahindi na mashudu ya alizeti. Trei ikishuka chini ya bei ya kilo 5.5 za chakula, hata banda linalotaga asilimia 90 halibakizi kitu, na anayetaka kuagiza vifaranga wiki hiyo anastahili kujua hilo kabla hajalipa.

Msomaji wako,
Kibaha, Pwani