Bati linang'aa, bomba linaliwa

Kazi yetu ni kukagua mabomba yaliyofunikwa, lakini wateja wengi hutupigia simu siku bomba limeshatoboka. Mvuke unafuka, chumba cha dobi kimesimama, shuka za wageni zimerundikwa. Tukifika tunaambiwa: "Lakini bomba hili lilifungwa vizuri." Ni kweli. Bati la nje linang'aa. Kutu imekula ndani ya koti.

Koti tunaita kile kifuniko cha kuzuia joto au baridi: pamba ya mawe yenye bati juu kwenye mabomba ya mvuke na maji moto, au sponji nyeusi kwenye mabomba ya vyumba vya baridi vya samaki na viyoyozi vikubwa. Hapa Pwani upepo wa kusi ukivuma, unyunyu wa mawimbi hutua juu ya mapaa na mabomba na kuacha chumvi. Mvua za masika huiosha chumvi hiyo na kuingia nayo popote penye mwanya: kiungo cha bati ambacho silikoni imepasuka, shingo ya vali, juu ya kishikizo, au pale fundi wa paa alipokanyaga bati likabonyea.

Yakishaingia, maji hayana pa kutokea. Aliyewahi kupita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni anajua kinachofuata: maji ya bahari huachwa bwawani, jua huyakausha, chumvi inabaki. Bomba la moto hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya koti, na chumvi inabaki imegusana na chuma. Joto la kati ya nyuzi 60 na 120 ndilo baya kuliko yote. Tena bomba linalowashwa asubuhi na kuzimwa usiku huumia zaidi kuliko lisilozimwa, kwa sababu kila likipoa linalowana upya. Kwa mabomba ya baridi, lililoganda muda wote huliwa polepole. La kuchunga ni lile linaloyeyushwa barafu mara kwa mara. Na stenlesi isikupe usingizi: chumvi na joto huipasua kwa nyufa nyembamba kama unywele.

Kuna bomba la mvuke la inchi mbili tulilifungua katika hoteli moja ya ufukweni. Pamba ilikuwa nzito kama tambara la deki. Tulipoikamua yalitoka maji ya rangi ya chai. Mgongoni mwa bomba, rangi ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Tumboni, kutu ilikuwa imevimba tabaka juu ya tabaka kama gome la mwembe mzee. Kijana wetu akashika bisibisi ayabandue yale magamba. Tulimzuia, maana mvuke ulikuwa ungali ndani, na wakati mwingine magamba ndiyo yanayoziba tundu. Tafadhali, mwambie fundi wako pia: zima, shusha presha, ndipo ukwangue. Tulipopima, chuma ambacho kikiwa kipya huwa na unene wa milimita 3.9 kilikuwa kimebaki na 1.7.

Kazi yetu ni kuliona hilo mapema. Tunaanza kwa kutembea na kutazama, kisha tunapitisha kamera ya joto, kwa kuwa koti lililolowa huonyesha joto tofauti na lililo kavu. Palipo na shaka, hasa sehemu za chini na kwenye viwiko, tunakata dirisha dogo kwenye koti na kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti. Kipimo hicho husoma pale tu kinapogusa, eneo dogo kama sarafu, kwa hiyo kuchagua mahali ndiyo kazi yenyewe. Kila dirisha tunalipa namba, na mwaka unaofuata tunarudi pale pale. Ikiwa mwaka jana lilisoma 3.5 na mwaka huu 3.1, chuma kinapoteza milimita 0.4 kwa mwaka, na unaweza kupanga kubadilisha kipande hicho msimu ambao wageni ni wachache.

Jambo moja linatuuma. Tunakuta madirisha yaliyokatwa na wapimaji waliotangulia, yakaachwa bila kizibo. Hapo mgonjwa ameongezewa ugonjwa, maana maji yamefunguliwa mlango. Sisi hatuondoki kabla kila dirisha halijazibwa kwa kizibo cha mpira na silikoni, na mwenye nyumba akakagua kwa macho yake.

Kwenye majengo ya zamani hatukati chochote kabla ya kujua kama koti lina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Sampuli inapelekwa maabara kwanza, hata kama kazi itachelewa.

Wakati mzuri wa kutuita ni Februari, kabla ya masika. Tuandalie mchoro wa mabomba kama upo, mwaka makoti yalipofungwa, na mtu anayejua vali ya kufungia iko wapi.