Tukiulizwa kuhusu shule kwa Kiingereza tuanze na tunayoyajua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalotusumbua sana sisi tunaojifunza Kiingereza ukubwani, na najua tuko wengi tu tunaofuatilia ukurasa wenu wa elimu. Hakuna mada inayorudiwa kwenye kozi za Kiingereza kama elimu. Darasani ipo, kwenye programu za simu ipo, ukiitwa intavyuu ya kazi lazima uulizwe umesoma wapi na umesomea nini, ukikutana na mgeni mkapiga stori dakika tano tu tayari mmeshafika kwenye mambo ya shule. Sasa cha ajabu mada hii ambayo kila mmoja wetu ameishi ndani yake miaka na miaka ndio tunaizungumza vibaya kuliko zote, na mimi sikubali kabisa kwamba tatizo ni grama. Tatizo ni kwamba tunakaririshwa.

Kwenye kikundi chetu cha mazoezi huwa tunakaa wawili wawili, mmoja anauliza mwenzake anajibu. Kuna dada mmoja aliulizwa umuhimu wa elimu akatiririka bila kumeza mate, elimu ni ufunguo wa maisha, elimu inaondoa umaskini, bila elimu taifa haliendelei, sentensi zimenyooka utadhani anasoma taarifa ya habari. Mwenzake akamuuliza kitu kidogo tu, kwenye shule uliyosoma wewe hesabu walikuwa wanafundishaje? Kimya. Akaangalia dari, akafungua daftari, akalifunga. Tukamwambia sema tu hata ukikosea hamna shida, ndio akaanza kidogo kidogo kwamba kulikuwa na mwalimu hakubali jibu mpaka umweleze umelipataje, ukishindwa kueleza unafuta ubao unaanza upya hata kama jibu lenyewe ni sahihi, na darasa zima linakusubiri wewe. Vitenzi vilikuwa vimevurugika, wakati uliopita na uliopo vyote humohumo, lakini watu waliokuwa wanaongea yao pembeni waliacha wakageuka kumsikiliza. Hata yule aliyeuliza swali alianza kumuuliza mengine ambayo hayapo kwenye kitabu, kwamba je wanafunzi walimchukia huyo mwalimu au walimpenda, na walifaulu kweli au waliogopa tu.

Hicho ndicho ninachokipigania. Swali la kwanza kila mtu anaweza kulijibu kwa kukariri, la pili ndio linaumbua. Chukua mtihani wa Kiingereza wa IELTS ambao wengi wanaufanya ili wakasome au kufanya kazi nje, sehemu ya kuongea ni dakika 11 mpaka 14 na ina hatua tatu, mwanzo unaulizwa mambo yako mwenyewe, kati unapewa kadi yenye mada unajiandaa dakika moja unaongea mpaka dakika mbili, mwisho mnajadili na mtahini mambo mapana zaidi na pale anaweza kukufuata na jibu lako lolote akakuuliza kwa nini unasema hivyo. Insha uliyoikariri haiwezi kukuokoa hapo, maana hukuitoa kichwani kwako na huna cha kuongezea. Lakini mtu aliyezoea kuongelea shule yake mwenyewe, walimu wake, mitihani yake, anayo ya kusema hata akiwa na maneno machache.

Halafu kuna hili la majina, na hapa ndipo naona vitabu vingi vya kozi vinatupotosha. Vinatupa orodha ya majina ya shule kama vile nchi zote zinazoongea Kiingereza zina mfumo mmoja, wakati zenyewe kwa zenyewe hazielewani. Pablik skuli ya Marekani ni shule ya serikali inayoendeshwa kwa kodi, mtoto anaingia bure. Uingereza jina hilohilo linatumika kwa zile shule kongwe za kulipia kama Eton, iliyoanzishwa 1440, ambazo ada yake sio ya mchezo. Sasa fikiria mtu anajieleza kwenye intavyuu kwamba amesoma pablik skuli mbele ya Mwingereza, anaweza kuchukuliwa kuwa mtoto wa tajiri bila yeye kujua. Koleji nayo vilevile, Mmarekani akisema yuko koleji mara nyingi anamaanisha chuo kikuu, ila kijana wa Uingereza wa miaka 17 anaweza kuwa koleji na bado hajafika chuo kikuu.

Na madarasa je? Marekani mtoto anaanza chekechea akiwa na miaka 5 halafu anapanda gredi 1 mpaka 12. Uingereza, upande wa England, wanahesabu mwaka wa 1 mpaka wa 13, mtihani wa GCSE unafanyika karibu na miaka 16 na A-level miaka 18. Zile fomu tulizozizoea sisi zilitoka kwao lakini wenyewe siku hizi jina hilo limebaki zaidi kwenye miaka miwili ya mwisho, na O-level ambayo watu wengi duniani bado wanaitaja kila siku, England waliiondoa wakaweka GCSE mwaka 1988. Ukivuka tu kuingia Scotland, ambayo iko ndani ya ufalme uleule, unakuta mfumo mwingine, msingi miaka 7, mitihani yao inaitwa Highers, na digrii ya kwanza kwa kawaida inachukua miaka minne wakati England ni mitatu. Kwa hiyo mwanafunzi anayelazimishwa kugeuza darasa lake liwe gredi fulani ya Marekani anabadilisha kitu anachokijua kwa kitu asichokijua, na anayemsikiliza akiwa Mskoti au Mwaustralia bado hajaelewa.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji msamiati mkubwa. Taja umri, taja idadi ya miaka, sema nani anaendesha shule na nani analipa, sema mtihani unatungwa na nani na ukifeli inakuwaje. Ukisema nilianza shule nikiwa na miaka 7, shule ilikuwa ya serikali, mwishoni kulikuwa na mtihani mmoja kwa nchi nzima na aliyefaulu ndiye aliyeendelea, mtu yeyote wa nchi yoyote amekupata, na jina la darasa unaweza kulitaja kama mnavyoliita kwenu halafu ukaeleza. Mimi naona hiyo ndiyo heshima pia, yaani mfumo uliokulea unaueleza ulivyo, haulazimiki kuvaa jina la mfumo wa watu wengine ndio uonekane wa maana.

Kuna na ugonjwa wa kulinganisha nchi. Karibu kila mjadala wa elimu kwenye madarasa yetu utasikia mtu anasema Finland hakuna mitihani, Finland hakuna homuwaki, kwa hiyo na sisi tufute. Watu wameyaokota kwenye intaneti na wanayasema kwa Kiingereza kizuri tu, ila sio kweli. Homuwaki ipo japo sio nyingi, na wanaomaliza sekondari ya juu ya kwenda vyuo vikuu wanafanya mtihani wa taifa ambao historia yake inaanzia 1852. Kilicho kweli ni kwamba kule shule ya msingi wanaanza miaka 7 na kwa miaka mingi hawapitii mtihani mkubwa wa taifa wa kuwachuja, na hicho kinatosha kabisa kujadiliwa bila kuongeza chumvi. Wengine wanasema mfumo wa Marekani uko hivi na hivi, wakati majimbo yako 50 na kila moja lina sheria zake za shule, wizara ya elimu ya taifa yenyewe imeundwa kwa sheria ya 1979 na wala hakuna mtihani mmoja wa kumaliza sekondari kwa nchi nzima. Mjadala wa namna hii mwalimu anausahihisha vitenzi anaacha uongo upite, na mimi naona afadhali kitenzi kikose s kuliko tuzoee kusema mambo tusiyoyajua kwa sauti ya kujiamini.

Na walimu wetu wa Kiingereza, nawaheshimu sana na najua wana kazi ngumu, ila nawaomba wasimkatishe mtu katikati. Mwanafunzi yuko kwenye sentensi ya tatu anaeleza jinsi walivyokuwa wanagawana kitabu kimoja watu wanne, ndio kwanza ameanza kusahau kwamba anaongea lugha ya kigeni, anakatwa kwa sababu ametumia wakati uliopo. Akirudi kwenye stori haipo tena, na akiulizwa siku nyingine anarudi kwenye ufunguo wa maisha kwa sababu huko hakuna anayemkata. Andika makosa pembeni, msubiri amalize, muulize swali linalotokana na alichosema, marekebisho yatafuata.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Kwenye ukurasa wa elimu tengeni kona ndogo kila wiki, wasomaji watume maelezo ya shule waliyosoma wao kwa Kiingereza chao wenyewe, maneno mia tu yanatosha, bila kutaja majina ya watu. Mwalimu mmoja ayasome, achapishe kama yalivyo na chini yake maswali mawili matatu ambayo mgeni asiyeijua nchi ya mwandishi angeuliza, halafu wiki inayofuata mwandishi ayajibu. Maelezo ya yule dada kuhusu mwalimu wa hesabu nimeshamwomba ayaandike, amekubali, na mkifungua hiyo kona atayatuma ya kwanza.

Msomaji wenu, mwanafunzi wa Kiingereza