Kuhusu lile swali lako la uzamili

Kilifi, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, shida ni joto tu. Barua yako nimeisoma na swali lako nimelala nalo: uache kusomesha historia sekondari uende ukasome uzamili wa urithi wa utamaduni, au utulie na mshahara wako? Mshahara tuuache. Ruzuku za utafiti huja za miaka miwili mitatu, zikiisha mnarudi kuandika maombi. Hilo ulijue mapema.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Chuoni watakupandisha cheo kwa makala ulizochapisha. Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu iliyokuwa na vijiji vya mababu wa Mijikenda, hawana habari na makala. Wao watakuangalia jambo ulilosikia kwao limeishia wapi. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila zake zikaingia kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Basi watafiti sasa wanapishana. Wapo wanaotaka kujua hadi fingo, lile zindiko la kulinda kaya, lilipozikwa, na wakiwa na GPS mkononi! Sasa niambie, zindiko lililowekwa lisijulikane, ukilitia kwenye ramani umelihifadhi au umelifukua?

Mimi ni Mgiriama, Mmijikenda mwenyewe, watu hudhani milango yote iko wazi kwangu. Wapi! Kuna mambo ya Gohu ambayo mwanamke hayasikii, na hata wanaume wengi hawayasikii, kwa kuwa kile ni chama cha watu walioingia na kulipa. Nimezoea kuandika "hapa sikuruhusiwa" na kuendelea na ukurasa. Wahakiki wa majarida hawaipendi sentensi hiyo.

Lakini usinielewe kwamba nakwambia unyamaze siku zote. Vigango navyo, zile nguzo za kuchongwa wanazosimamishiwa wazee wa Gohu waliokufa, vimeibwa bomani kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia kutoka Marekani, alimpiga picha mzee mmoja huku kwetu akiwa na vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda, vikaibwa vyote. Baadaye kimoja kilionekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vilikuwa vimerudi Kenya, na picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Tofautisha na vile 30 vilivyorudishwa na makumbusho ya Denver: hakuna aliyejua kila kimoja kilitoka boma gani. Kigango kimesimamishiwa marehemu fulani wa ukoo fulani, sasa utakipeleka kwa nani?

Kwa hiyo kuandika kunasaidia. Mimi hugombana zaidi na swali la nani anashika daftari. Siku hizi nikirekodi, nakala moja hubaki kwa wazee, na wao ndio wanaosema kipi kitoke. Makala huchelewa, wenzangu hunipita vyeo, basi.

Ukiamua kwenda, usije huku kwenye kaya, tumejaa. Hapo Tanga una mapango ya Amboni, watalii wanaingia na watu wanatambika mlemle. Nani anaamua chumba kipi kifungwe, mtalii au mwenye mzimu wake? Utafiti huo ningeusoma. Lakini kaongee na hao wanaotambika kabla hujaandika pendekezo, maana ukishaandika utaenda kutafuta majibu uliyokwisha kuyapanga. Na muulize msimamizi wako mtarajiwa kama atakubali tasnifu yenye kurasa zilizofungiwa zisisomwe na kila mtu. Akibabaika, tafuta mwingine.

Nitumie fomu za maombi nizipitie kabla hujazipeleka. Mama nisalimie sana, na mwambie kanga zake nimezinunua, natafuta mtu wa kumpa anayevuka mpaka wa Horohoro.

Wako,
Kadzo