Pimeni mto, acheni kuhesabu mahudhurio

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako kimya, lakini ile taarifa yenu ya kilimo endelevu hapa Mbarali imenishinda. Mmesema kilimo shadidi cha mpunga kinasonga mbele, na ushahidi mlioutoa ni idadi ya waliohudhuria mafunzo.

Mimi ni mmoja wa wanaohesabiwa hivyo. Shirika moja lilituita semina, tukasaini, tukapigwa picha tumeshika miche, tukatawanyika. Kilimo shadidi kinataka upande mche mmoja mmoja, ungali mchanga, kwa nafasi, kisha ulowanishe jaruba na kulikausha, ulowanishe tena. Sasa nani atathubutu kukausha jaruba lake wakati hajui zamu yake ya maji itarudi lini? Ukifunguliwa mfereji unajaza mpaka kwenye kingo, kwa sababu walioko juu karibu na banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, wanaweza kukukatia usiku uleule. Nilimweleza hayo kijana aliyeshika fomu. Akanijibu kwamba fomu haiulizi maji, inauliza kama nimefundishwa. Msimu mzima majaruba yangu yalifurika, na nina hakika kwenye ripoti yao nimeandikwa mkulima endelevu! Na hata ningebana maji, yangeishia kwenye majaruba mapya ya jirani, si mtoni. Mto Ruaha Mkuu unakatika kila kiangazi tangu 1993, na ndio unaopeleka maji kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya mto huo, kwa kulaumiwa wao, na mto ukaendelea kukauka.

Kuna na makopo ya dawa ya magugu. Yanaelea kwenye mfereji ambao watoto wanaoga na akina mama wanaoshea vyombo, na sijaona anayeyahesabu.

Kipimo namba 2.4.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ndicho cha kupimia kilimo endelevu, kina mambo 11, yakiwemo hali ya udongo, upatikanaji wa maji, mbolea, viuatilifu, hata ujira wa kibarua. Semina haimo.

Ninyi huchapisha bei ya mchele. Pembeni yake chapeni kila wiki kina cha maji pale Ng'iriama, yanapotokea Ihefu, kuanzia Julai hadi mvua zinyeshe. Kikiwa sifuri, andikeni sifuri.

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya