YAH: Malalamiko kuhusu ujazo wa injini ulioandikwa kimakosa baada ya kuchonga silinda

Kwa Meneja wa Karakana,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwaletea bloku ya Toyota Hiace yangu, injini ya dizeli aina ya 3L, mkaichonga silinda zote nne kwa ovasaizi (nyongeza ya kipenyo) ya milimita 1.00. Kazi ya mkono siilalamikii, kwani silinda zimetoka laini. Ninacholalamikia ni cheti mlichonikabidhi, kinachosema kuwa ujazo wa injini sasa ni cc 2,896.

Injini hii hutoka kiwandani na kipenyo cha silinda cha milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 96, na ujazo wake ni cc 2,779. Kuchonga hupanua kipenyo peke yake. Mwendo wa pistoni huamuliwa na krankishafti, ambayo hatukuibadilisha. Kipenyo kipya basi ni milimita 97, na nusu yake ni 48.5. Ukizidisha 48.5 kwa 48.5, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa 96 na kwa silinda nne, halafu ukagawanya kwa 1,000, unapata takriban cc 2,838. Nyongeza ni takriban cc 59, ilhali ninyi mmeandika 117, yaani karibu mara mbili yake. Hesabu yenu hupatikana pale tu milimita nzima inapoongezwa kwenye nusu ya kipenyo, kana kwamba silinda imefika 98.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mmechonga kupita kiasi. Fundi wangu alipima kwa geji akakuta 97 na pointi chache za mwanya, na pistoni mlizoniuzia zimegongwa alama ya 1.00 juu ya kichwa. Pistoni hizo kwenye silinda ya 98 zingecheza kama mchi kinuni.

Nilipomweleza karani wenu, alinijibu, "Mzee, injini ikichongwa lazima iongezeke, usijali." Najali, kwa sababu mteja aliyetaka kulinunua gari alilinganisha cheti hicho na kadi ya gari, akashuku kuwa bloku ni ya gari jingine, akaondoka.

Naomba ndani ya siku 7 mnipatie cheti kipya chenye mhuri, kikionyesha kipenyo kilichopimwa, mwendo wa pistoni na ujazo sahihi, na kile cha awali kifutwe katika daftari lenu. Mkiwa na shaka, nitaileta bloku kabla ya kufunga pistoni, tupime pamoja.

Wenu,
Mmiliki wa gari